Kadi ya Bima Itaziba Jino au Itaendelea Kuling'oa?

Tulifika saa mbili kasoro asubuhi, na benchi la kliniki ya meno ya hospitali ile ya wilaya lilikuwa limeshajaa. Nilikuwa nimemsindikiza shangazi yangu, mama wa miaka hamsini na ushee, ambaye tangu tuliposhuka kwenye daladala alikuwa amebana pindo la kanga shavuni. Hakuwa amelala. Usiku ule alijaribu karafuu, akasukutua kwa maji ya chumvi, akameza vidonge vya maumivu vya duka la dawa la mtaani, na alfajiri akanipigia simu kuniambia jambo moja tu: "Nipeleke wakaling'oe."

Nesi alitoka na daftari, akatutazama, akasema bila kupandisha sauti: "Wa kung'oa kaeni upande huu. Wa kuziba, mashine bado haijatengenezwa, mtarudi wiki ijayo muulizie." Wawili watatu wakainuka na kuondoka. Waliobaki wakasogea upande ule alioonyesha, na shangazi akasogea nao.

Ndani tulimkuta tabibu wa meno, kijana mpole, ambaye alimwamkia shangazi kabla hajavaa glovu. Akachungulia, akaligonga jino taratibu kwa mpini wa kioo chake. Shangazi akaruka.

"Mama, ugonjwa umeshafika kwenye neva," akasema. "Hili lingezibwa mapema lingepona. Sasa ama nikung'olee, ama nikuandikie uende hospitali ya mkoa wakutibu mzizi."

"Mwaka jana nilikuja, mwanangu," shangazi akamjibu. "Lilikuwa linashtuka tu nikinywa kitu cha baridi. Mkaniambia mashine mbovu. Nikarudi, bado mbovu."

Kijana akainamisha kichwa. "Pole sana, mama," akasema, kisha akavuta sindano ya ganzi.

Haukupita muda gego lilikuwa kwenye sinia ya chuma. Niliomba kulitazama. Juu lilikuwa na tundu jeusi lisilozidi punje ya hindi. Chini, mizizi yake miwili ilikuwa mizima, mirefu, mieupe, ya jino ambalo lilikuwa na miaka mingi mbele yake. Nimekuwa nikilikumbuka gego hilo kila ninaposikia mjadala wa bima ya afya kwa wote, kwa sababu katika mjadala huo sijasikia mtu akiuliza swali linalolihusu.

Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, baada ya muswada wake kukwama zaidi ya mara moja. Mwaka 2022, muswada ulipoanza kusikika, watu walizungumzia shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita: nani atazimudu, nani atalipiwa, mkulima asiye na mshahara atakatwaje. Yalikuwa maswali ya haki kabisa. Lakini mjadala ukabaki kwenye mlango wa kuingilia. Kilichomo ndani ya nyumba, yaani mgonjwa akishaingia na kadi yake atatibiwa nini, wapi na kwa njia ipi, kikaachiwa wataalamu na majedwali yao ya bei. Na kwa mgonjwa wa meno, jedwali hilo la bei ndilo litakaloamua kama atatoka na jino lake au atatoka ameuma pamba.

Mimi naiunga mkono bima ya afya kwa wote, na nasema hivyo mapema ili nisieleweke vibaya. Hofu yangu ni kwamba katika meno, kadi inaweza kuja na kuukuta mfumo ule ule unaolisukuma kila jino kwenye koleo, ikaurahisishia kazi.

Tuangalie jinsi unavyosukuma. Kung'oa kunahitaji ganzi, koleo, pamba na dakika chache. Hata umeme ukikatika, jino litatoka. Kuziba kwa njia iliyozoeleka hospitalini kunahitaji kiti kinachofanya kazi, mashine ya kuchonga, kompresa ya kuiendesha, maji, umeme usiokatika jino likiwa wazi, dawa ya kuzibia, na muda wa kumhudumia mtu mmoja ambao ungetosha kung'olea watatu. Kompresa ikifa, fundi yuko mjini. Kifaa kidogo kikivunjika, kinaagizwa. Wiki zinageuka miezi, na nesi anaendelea kutoka na daftari lake kila asubuhi.

Upande wa mgonjwa, hesabu inaelekea kule kule. Kuziba kunagharimu mara kadhaa ya kung'oa, na jino lenye tundu dogo haliumi kiasi cha kumfanya mtu aache kibanda chake siku nzima. Linashtuka kwa chai ya moto, linashtuka kwa maji ya baridi, basi. Mtu anahamishia utafunaji upande wa pili na maisha yanaendelea. Likianza kuuma kwelikweli limeshapita hatua ya kuzibwa, na tiba ya mzizi ipo hospitali ya mbali kwa bei ambayo hata mwenye mshahara huifikiria mara mbili. Hapo koleo linakuwa ndiyo nafuu. Hakuna aliyekaa akaamua kwamba Watanzania wang'olewe meno. Ni kwamba kila njia iliyo rahisi inaishia hapo.

Na kung'oa hakumalizi gharama. Kunazisogeza mbele tu. Meno ya jirani huanza kulalia pengo, chakula kinabanwa, fizi zinaumwa, na la pili linafuata. Mzee aliyepoteza magego anaacha nyama, anaacha mahindi ya kuchoma, anahamia uji. Anayechelewa zaidi huweza kuja na usaha uliotoka kwenye mzizi ukashuka chini ya taya hadi shingoni, uvimbe ukabana njia ya hewa. Madaktari wa hospitali za rufaa wanawafahamu wagonjwa hao. Wanawalaza, wanawapasua, wengine wanawahangaikia usiku kucha ili wapumue, na chanzo chake kilikuwa tundu la ukubwa wa punje ya hindi.

Shirika la Afya Duniani, WHO, katika ripoti yake ya mwaka 2022 kuhusu afya ya kinywa, lilikadiria kuwa watu karibu bilioni 3.5 wana ugonjwa wa kinywa wa aina moja au nyingine, na bilioni 2 kati yao wana meno ya utu uzima yaliyooza. Hakuna ugonjwa mwingine unaowapata watu wengi hivyo na ukaendelea kuitwa jambo dogo.

Sasa weka bima juu ya hali hiyo. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulianza kutoa huduma mwaka 2001 kwa watumishi wa umma, na huduma za meno zimo katika mafao yake. Kulikuja pia Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, CHF, ambao kaya ya watu sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Kwa hiyo hatuanzi kutoka sifuri, na kwa miaka yote hiyo tumeshaona kwamba kadi ni ahadi ya kulipa. Haitengenezi kompresa. Mwalimu mwenye kadi ya NHIF aliyekaa kwenye lile benchi asubuhi ile aliambiwa mashine mbovu kama alivyoambiwa shangazi asiye na kadi.

Hapa kuna jambo ambalo naona halijafikiriwa vya kutosha. Kwa mtu wa kipato cha chini, pesa ndiyo iliyokuwa kizuizi hata cha kung'oa. Wengi walivumilia jino bovu kwa sababu hawakuwa na nauli pamoja na ada. Bima ikiondoa ada, wataenda, na ni haki yao kwenda. Lakini wakikuta kituoni kuna koleo tu, matokeo ya kwanza ya mageuzi yatakuwa meno mengi zaidi kung'olewa. Na takwimu zitapendeza, kwa sababu zitaonyesha idadi ya waliohudumiwa imepanda. Hakuna safu katika taarifa hizo inayoandika meno yaliyokuwa yanaweza kuokolewa.

Uingereza ni mfano ninaourudia kila mara katika hili, kwa sababu wao walianza zamani, wana pesa, na bado walikwama mahali ambapo sisi tunaelekea. Huduma yao ya taifa ya afya, NHS, ilifunguliwa Julai 1948 meno yakiwa ndani na bila malipo. Watu walijitokeza kwa wingi mno, hasa kutafuta meno bandia, hata mwaka 1951 serikali ikaamua kutoza ada, na Aneurin Bevan, aliyeiasisi huduma hiyo, akajiuzulu uwaziri kwa kulipinga jambo hilo. Lakini kilichonivutia zaidi ni mkataba mpya wa madaktari wa meno wa mwaka 2006. Kabla yake daktari alilipwa kwa kila kazi aliyofanya, na lawama ilikuwa kwamba wengine wanachonga meno yasiyohitaji kuchongwa. Serikali ikaja na vizio, yaani vipimo vya kazi ambavyo malipo ya daktari yalihesabiwa kwavyo. Matibabu yakagawanywa katika makundi matatu, kila kundi likapewa idadi yake ya vizio. Katika kundi la kati, mgonjwa wa kuzibwa jino moja alimpa daktari vizio vitatu. Mgonjwa wa kuzibwa meno sita: vitatu. Wa kutibiwa mzizi kwa saa nzima na zaidi: vitatu. Wa kung'olewa kwa dakika kumi: vitatu vile vile.

Msomaji hahitaji kuwa mtaalamu wa uchumi kujua kilichofuata. Kamati ya Afya ya Bunge lao ilipoukagua mkataba huo mwaka 2008, iliona matibabu ya mzizi yamepungua sana na kung'oa kumeongezeka. Madaktari wakaanza kumkwepa mgonjwa mwenye meno mengi mabovu, yaani yule hasa aliyewahitaji. Ilichukua hadi Novemba 2022 kwa kanuni kurekebishwa kidogo ili anayeziba meno matatu au zaidi, au kutibu mzizi wa gego, apate vizio vya ziada. Wakati huo wengi walikuwa wameshakimbilia kliniki za binafsi. Februari 2024, kliniki moja ilipofunguliwa mtaa wa St Pauls mjini Bristol na kutangaza kuwa inapokea wagonjwa wa NHS, watu walipanga foleni barabarani kwa mamia hadi polisi wakaja kuisimamia. Ni nchi tajiri, na watu wake wana haki kisheria ya kupata huduma hiyo.

Madaktari wa Uingereza si watu wabaya kuliko wetu. Walifanya kile ambacho malipo yaliwaelekeza kufanya. Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba "huduma za meno zimo kwenye kitita", yaani orodha ya huduma zinazolipiwa na bima, mimi nauliza: kuziba kunalipwa kiasi gani ukilinganisha na kung'oa? Na kituo kinalipwa kwa kila kazi au kwa idadi ya watu walioandikishwa? Kituo cha afya kinachopewa kiasi kilekile kwa kichwa, mgonjwa azibwe au ang'olewe, kitakuwa na kila sababu ya kuchagua kazi isiyomaliza dawa na isiyochukua muda. Hayo yalitokea Uingereza chini ya wakaguzi wengi kuliko tulio nao.

Sisi wenyewe tulionja nguvu ya jedwali la bei Machi 2024, NHIF ilipoanza kutumia kitita chake kipya na hospitali nyingi za binafsi zikasitisha kwa siku kadhaa kuwahudumia wanachama wa mfuko. Mgonjwa alifika na kadi hai, iliyolipiwa, akarudishwa getini. Kwa upande wa meno suala hili ni zito zaidi, maana kliniki nyingi za meno mijini ni za binafsi. Bei ya kuziba ikiwekwa chini ya gharama ya dawa na muda, wenye kliniki hawatagoma kwa matangazo. Watasema tu kwamba nafasi ya wagonjwa wa bima imejaa hadi mwezi ujao, au "mama, ongeza kidogo hapa tukuwekee dawa nzuri". Na Kenya, ambako Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF yao Oktoba 1, 2024 kwa makato ya asilimia 2.75 ya kipato, miezi ya mwanzo iliwafundisha wagonjwa kuwa kuhama mfuko ni jambo moja na kupokewa hospitalini ni jambo jingine.

Kuna njia ya kuziba isiyohitaji mashine, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya mimi kuandika makala haya. Inaniuma kwamba watu wengi hawajui ilikotoka.

Ilizaliwa hapa hapa. Katikati ya miaka ya 1980, daktari wa meno Mholanzi Jo Frencken, akiwa na shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Muhimbili, alikuwa akitafuta namna ya kuokoa meno ya watu wa vijijini mahali ambapo hakuna umeme wala maji ya bomba. Badala ya kuchonga kwa mashine, sehemu iliyooza na kulainika ikaondolewa kwa vyombo vya mkono: kipatasi kidogo cha kupanua mdomo wa tundu, kisha kijiko kidogo chenye makali cha kukwangua uozo mpaka kufikia sehemu ngumu ya jino. Halafu tundu likajazwa saruji ya meno, na vitundu vya jirani juu ya jino vikazibwa kwa saruji hiyo hiyo kwa kuikandamiza kwa kidole. Mgonjwa analala juu ya meza, hata meza ya darasani. Mara nyingi ganzi haihitajiki, kwa sababu kinachokwanguliwa kimeshakufa. Hakuna ule mlio wa mashine unaowakimbiza watoto.

Saruji iliyokuja kutumika zaidi, ile ya ionoma, hugandana na jino lenyewe na huendelea kutoa fluoridi kidogo kidogo pembeni mwa tundu. Njia hiyo ilipelekwa Thailand, ikajaribiwa, ikapelekwa Zimbabwe, na mwaka 1994, Siku ya Afya Duniani ilipokuwa na kaulimbiu ya afya ya kinywa, WHO ikaitangaza kwa dunia nzima. Leo inafundishwa kuanzia Brazil hadi China. Nimeona watoto wa nchi za mbali wakizibwa kwa njia hiyo kwenye video, darasani, wakicheka. Na shangazi yangu, aliyezaliwa na kukulia katika nchi ambako njia hiyo ilianzia, aliambiwa asubiri mashine.

Nisiipambe kupita ukweli wake. Kwa tundu la upande mmoja wa jino, kuziba kwa mkono kunadumu vizuri kwa miaka. Kwa tundu kubwa lililokula pande mbili au tatu, hakudumu sana, na jino ambalo neva yake imeshafikiwa haliponi kwa njia hii hata kidogo. Inahitaji mkono uliofundishwa: uozo ukibaki pembeni, au mate yakiingia kabla saruji haijakauka, kazi inaharibika. Lakini tundu dogo la upande mmoja ndilo hasa lile linaloshtuka kwa chai na kuambiwa "rudi wiki ijayo". Ndilo lililokuwa la shangazi mwaka mmoja kabla.

Dunia nayo inasogea upande huo. Mwaka 2021 WHO iliingiza saruji ya ionoma katika orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na fluoridi yenye madini ya fedha, dawa inayopakwa kwa brashi kwenye jino bovu la mtoto na kusimamisha uozo bila kuchonga, ingawa huacha doa jeusi ambalo mzazi lazima aelezwe kabla. Halafu kuna suala la zebaki. Ile amalgamu ya kijivu tuliyozibwa wengi wetu ina zebaki ndani yake, na Novemba 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana matumizi yake yakome ifikapo 2034. Kwa hiyo Bohari ya Dawa italazimika kununua kitu kingine, itake isitake. Sioni kwa nini isianze sasa kuhakikisha saruji ya ionoma inafika kituo cha afya kama inavyofika dawa ya malaria.

Ninachokitaka kwa wanaoandika kitita ni kitu mahususi. Kuziba kwa mkono kuandikwe kwa jina lake, kuwe na bei yake, bei hiyo imlipe mtoa huduma vizuri kuliko kung'oa, na ruhusa ya kuifanya iwe kuanzia ngazi ya kituo cha afya. Tusiishie kwenye maneno "huduma za kinywa na meno", maana hayo yanaweza kubeba chochote, na katika kituo kisicho na mashine yatabeba koleo.

Kazi hiyo si lazima ifanywe na daktari wa meno mwenye shahada. Tanzania ilihesabu watu zaidi ya milioni 61 katika sensa ya 2022, na madaktari wa meno ni wachache, wengi wao wakiwa mijini. Lakini tuna matabibu wa meno, watu wa stashahada wanaofundishwa kazi hii hasa, na baadhi yao wamemaliza chuo wako nyumbani wakisubiri kibali cha ajira. Mageuzi yanayopanga pesa za kulipia huduma bila kupanga mtu wa kuitoa yanamwacha mgonjwa mahali alipokuwa. Na rufaa nayo iangaliwe. Mfumo wa bima hupenda mgonjwa aanzie ngazi ya chini, jambo lenye busara kwa homa na kikohozi. Kwa meno, ikiwa zahanati haina hata kioo cha kuchungulia kinywa, kumpitisha huko mgonjwa ni kumpotezea siku na nauli ili apewe karatasi. Aruhusiwe kwenda moja kwa moja kwenye kituo cha karibu chenye tabibu wa meno.

Nimesikia hoja kwamba nchi ina mambo makubwa zaidi: akina mama wanaojifungua, malaria, saratani. Naiheshimu hoja hiyo. Lakini wanaoitoa huzungumza kana kwamba kutoziba meno ni kuokoa pesa. Pesa zile zinatumika, ila zinatumika baadaye na mahali pa ghali: kwenye wodi ambako mtu amelazwa na usaha wa shingo, kwenye siku za kazi zilizopotea, kwenye meno bandia ambayo mzee analipia kwa kuuza mbuzi. Sera yetu ya afya inasema wazee wa miaka 60 na kuendelea wasiojiweza watibiwe bila malipo. Mzee asiye na jino hata moja ana haki ya kuuliza kama kumrudishia uwezo wa kutafuna ni tiba au ni anasa. Kwa maoni yangu ni tiba, na seti ya kawaida ya meno bandia kwa mtu aliyepoteza meno yote iwemo katika kitita cha msingi, hata kama itabidi kofia za meno na mengine ya gharama yasubiri.

Kuna pia mambo ambayo jedwali la bei haliwezi kuyaona. Katika sehemu za Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida, maji yana fluoridi nyingi kutoka kwenye miamba ya volkano, na watoto wanaokua wakiyanywa huota meno yenye madoa ya kahawia, mengine yakimeguka. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu hadi miligramu 4 za fluoridi kwa lita ya maji, wakati WHO ikishauri zisizidi 1.5, kabla ya kiwango chetu kushushwa kufikia hapo. Nimesoma na msichana kutoka Meru aliyekuwa akicheka huku ameziba mdomo kwa kiganja, miaka yote minne ya sekondari. Bima ikiliita tatizo lake "urembo" na kulitoa nje ya kitita, itakuwa imemwadhibu kwa maji ambayo yeye hakuchagua kuyanywa.

Na kuna watoto wachanga wanaong'olewa vichipukizi vya meno kwa kisu au spoku ya baiskeli kwa imani kwamba "meno ya nailoni" ndiyo yanayowaletea homa na kuharisha. Imani hiyo imekaa nasi tangu miaka ya 1980 kwa sababu mama mwenye mtoto anayeharisha hupata jibu haraka kwa mganga kuliko kliniki. Tabibu wa meno akiwepo kituo cha afya, akakaa na akina mama siku ya kliniki ya watoto, ataokoa maisha kabla hajaziba jino hata moja. Kazi hiyo ya kukaa na kuzungumza nayo ilipwe. Kwa kawaida ndiyo ya kwanza kusahaulika.

Jumapili iliyopita shangazi alinipigia tena. Tangu gego lile litoke anatafunia upande wa kushoto, na sasa jino la upande huo limeanza kushtuka akinywa maji ya mtungini. Haliumi, anasema, linashtuka tu. Amesikia redioni habari za bima na alitaka kujua kama asubiri mpaka apate kadi. Nilimwambia asisubiri hata wiki. Tukifika nitamuuliza yule kijana kama anajua kuziba kwa mkono na kama saruji ipo, na ikiwa haipo nitamuuliza inauzwa wapi. Nimeomba ruhusa kazini Alhamisi. Tutapanda daladala ya saa kumi na mbili na nusu, tuwahi benchi kabla halijajaa.